Kitanda cha Bibi Hakikubomolewa, Kilifumuliwa

Shangazi yangu alinipigia simu kutoka Pangani kuniuliza swali moja, na aliliuliza kabla salamu hazijakwisha: ni kweli kwamba kile kitanda ambacho bibi alijifungulia watoto wake wote nilikuwa na mpango wa kukigeuza benchi? Habari ilikuwa imemfikia kupitia kwa kaka yangu, ambaye neno halikai kifuani mwake hata usiku mmoja. Nilimjibu kwamba ni kweli, nikamwamkia upya kwa adabu zote, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hakuiridhia shikamoo yenyewe. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kitu cha watu wazima hakikatwi kwa sababu mtu ameona picha kwenye simu."

Alikuwa na haki kiasi, kwa sababu picha nilikuwa nimeiona kweli. Siku hizi mitandaoni kila samani kuukuu imegeuzwa kitu kingine: ngazi imekuwa rafu ya vitabu, sanduku limekuwa kiti, kabati limekuwa sinki la kunawia mikono, na kazi yote huonekana kama ilikwisha kwa pumzi moja, baina ya picha ya kwanza yenye vumbi na picha ya pili yenye maua. Nimekuwa nikigeuza samani kuukuu nyumbani kwangu Tabata kwa takriban miaka saba. Nyingine zimefaulu na nyingine zimeishia kuwa kuni. Nikizitazama zile zilizoharibika, naona kosa lilikuwa moja, nalo ni kwamba nilianza na kile nilichokitaka, kisha nikailazimisha samani iniletee, wala sikujipa muda wa kuangalia jinsi ilivyoungwa na nini ingekubali kuwa.

Kwa msomaji ambaye hakukua na kitanda cha namna hii, nieleze kilivyo. Kina matendegu manne yaliyokerezwa, mifumbati miwili inayokwenda kwa urefu, na vitakizo viwili vinavyokwenda kwa upana, kimoja upande wa mchago na kingine upande wa miguuni. Mifumbati na vitakizo vimetobolewa vitundu kwa nafasi sawa, na katika vitundu hivyo hupitishwa kamba za usumba, yaani kamba zinazosokotwa kutokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa mpaka yakalainika, kisha yakapondwa na kubaki nyuzi tupu. Kitanda kikishawambwa, kamba huvuta pande zote nne kuelekea katikati, na mvuto huo husaidia kuzishikilia ndimi za mbao ndani ya matundu ya matendegu. Cha bibi hakikuwa na msumari hata mmoja wala tone la gundi. Kamba ndiyo iliyokuwa gundi yake, na ndiyo maana kitanda cha kamba kilicholegea huanza kulia usiku mtu anapojigeuza. Mbao hazijachoka, ila kamba inaomba kukazwa.

Kitanda hicho kilikuwa kimekaa stoo tangu bibi alipofariki, kimeegemezwa ukutani nyuma ya magunia, kamba zake zimeoza na kuning'inia. Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyekitaka kwa kulalia. Vijana wanataka kitanda cha futi 5 kwa 6 chenye godoro nene, na hata shangazi mwenyewe, nilipomuuliza kwa unyenyekevu kama angependa nimpelekee, alisema mgongo wake haukubali tena. Kwa hiyo kilichokuwa kikibishaniwa hakikuwa kitanda cha kulalia, bali ni haki ya kukiacha kioze kwa heshima.

Nilikisafirisha mpaka Dar es Salaam juu ya lori la nazi kikiwa kizima, uzembe ulioliacha tendegu moja na mchubuko ambao hauondoki, kisha nikakipeleka kwa fundi mmoja pale Keko, mtaa ambao wakazi wengi wa jiji hili wamewahi kufika wakitafuta kitanda au kabati. Mimi nilikuwa nimekwenda na msumeno kichwani. Yeye alikizunguka mara mbili, akapiga magoti, akapapasa chini ya mfumbati kwa vidole, akasema, "Mama, hiki hakibomolewi. Hiki kinafumuliwa."

Nilidhani anachagua maneno tu, mpaka nilipomwona akifanya. Alikata kamba kwa kisu kidogo kidogo, akibadilisha pande, ili upande mmoja usibaki unavuta huku mwingine umelegea na kuupasua ulimi. Kabla ya kukata alinitaka nipige picha za mfumo wa kamba kutoka juu na kutoka chini, jambo ambalo baadaye niliona ni la thamani kuliko ushauri wote niliousoma. Kamba zilipokwisha, alikigonga kila kiungo taratibu kwa nyundo ya mti, na ndimi zikatoka moja baada ya nyingine kana kwamba zilikuwa zikisubiri. Akachukua chaki aandike namba kwenye kila kiungo ili asije akachanganya, akasita, akacheka. Namba zilikuwapo tayari. Fundi wa kwanza, ambaye jina lake hakuna anayelijua katika ukoo wetu, alikuwa amekata alama kwa patasi kwenye kila ulimi na kwenye tendegu lake: mkato mmoja kwa mmoja, miwili kwa miwili, mpaka minne. Alama hizo zilikuwa zimefichika ndani ya viungo muda wote ambao watu walilala, walizaliana na kuugulia juu ya kitanda kile.

Baada ya siku ile nimeacha kabisa kuanza na nyundo. Samani nyingi za zamani zilitengenezwa na watu waliotegemea kwamba siku moja zitafunguliwa, zikazwe au zibadilishwe kipande, na anayezifungua kwa subira hupata mbao ndefu zisizo na majeraha, ilhali anayezibomoa hupata vipande vyenye nyufa kwenye ncha zote. Viti na makabati ya karakana za zamani mara nyingi yaliungwa kwa gundi iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi hiyo hulegea kwa joto na maji. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto, kikazungushwa kwenye kiungo na kuachwa kwa muda, hufanya kazi ambayo nguvu za vijana wawili haziwezi. Gundi nyeupe ya siku hizi haina huruma ya namna hiyo. Ukikuta kiungo kimeshikwa nayo, mara nyingi ni afadhali kukata pembeni yake kuliko kupigana nayo. Parafujo zilizoshika kutu nazo zina dawa yake: pasha kichwa chake kwa ncha ya chuma cha moto, kiache kipoe, kisha ujaribu tena kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfuo. Chuma kinapopata joto hutanuka na kinapopoa hunywea, na huko kutanuka na kunywea hukikwangua kutoka kwenye kutu iliyokibana. Bisibisi ndogo kuliko mfuo huharibu kichwa cha parafujo, na ukishafika hapo, siku yako imeharibika.

Jambo la pili ni kuijua mbao yenyewe, kwa kuwa rangi na vanishi za miaka mingi huficha mengi. Mimi hukwangua kidogo mahali pasipoonekana, chini ya droo au nyuma ya mguu, kisha ninanusa na kutazama. Mninga huonyesha rangi ya kahawia yenye michirizi ya wekundu, ni mwepesi wa kufanyia kazi, na mafundi huusifu kwa kutulia, yaani hauvimbi na kunywea sana hali ya hewa inapobadilika. Mtiki una mafuta ya asili ambayo huukinga na wadudu na maji, lakini mafuta hayo hayo huifukuza gundi, kwa hiyo sehemu inayoungwa hupanguswa kwanza kwa spiriti. Paina ni nyepesi, yenye vifundo, na hubonyea kwa ukucha. Na ukikuta unga uliogandamana badala ya nyuzi za mti, hiyo ni MDF, mbao ya kiwandani inayotengenezwa kwa nyuzi za mti zilizosagwa na kushikizwa kwa gundi. Ikishalowa na kuvimba hairudi, na sijaona sababu ya kupoteza Jumamosi yangu kuiokoa. Wapo watakaonibishia. Mimi nimekwisha kupoteza Jumamosi tatu.

Kitanda cha bibi kilikuwa cha mvule, na tuliujua kwa njia ya gharama. Fundi alipokuwa akifupisha kitakizo cha kwanza, msumeno ulipiga kelele kali, ukakwama, na meno kadhaa yakawa butu papo hapo. Ndani ya mbao kulikuwa na jiwe. Mvule, mti unapokuwa hai, wakati mwingine hujitengenezea ndani yake bonge gumu la chokaa, hasa karibu na mahali ulipowahi kujeruhiwa, na bonge hilo hukaa likisubiri msumeno wa mtu asiyetazamia. Fundi alilitoa kwa tindo, akaniwekea kiganjani, dogo kama kokwa ya embe changa. Ninalo mpaka leo kwenye bakuli la funguo. Niseme pia kwamba vumbi la mvule na la mninga huwasha pua na koo, na kwa wenye pumu linaweza kuwa balaa, kwa hiyo barakoa si mapambo. Nilijifunza hilo kwa usiku mmoja wa kupiga chafya bila kikomo.

Wadudu nitawapitia kwa haraka. Mbao yenye vitundu vidogo si lazima iwe mgonjwa, kwa kuwa huenda bungua walikwisha kuondoka miaka mingi iliyopita. Weka karatasi nyeusi chini ya samani kwa wiki moja au mbili bila kuisogeza. Ukikuta unga mpya laini juu ya karatasi, wapo; itie dawa ya mbao kwa bomba la sindano, kitundu kwa kitundu, na uiweke mbali na samani nyingine mpaka unga ukome. Ushauri wa kupaka oili chafu ya gari nimeusikia mara nyingi, na kwa nguzo za uzio huenda ukafaa, lakini samani iliyopakwa oili hiyo itanuka ndani ya nyumba kwa miaka na itamchafua kila atakayeiegemea.

Sasa nikiri kosa ambalo kaka yangu hanisamehi, yeye huyo huyo mpeleka habari. Serikali ilipohamia Dodoma naye akahamishwa na wizara yake, nilimpa zawadi ya meza ya kulia chakula niliyoitengeneza kutokana na milango miwili ya kabati la nguo la mninga. Niliiunganisha milango hiyo kwa gundi, nikaikaza kwenye fremu ya miguu kwa parafujo kila baada ya inchi 6, kwa chini, pande zote, nikijivunia uimara wake. Meza ilikaa kwangu miezi minne ikiwa imenyooka kama kioo. Ilipofika Dodoma, kiangazi kikaingia, na mwezi wa Oktoba nikatumiwa picha: ufa ulioweza kuingiza sarafu, kutoka ncha moja ya meza mpaka nyingine.

Sababu haikuwa ubaya wa mbao. Mbao, hata ikiwa imekatwa miaka hamsini iliyopita, hunywa na kutema unyevu kulingana na hewa iliyoizunguka. Hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu mwaka mzima, na ya Dodoma ni kavu kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Mbao inapotema unyevu hunywea, na hunywea kwa upana wake, karibu haibadiliki kabisa kwa urefu. Meza yangu ilitaka kupungua upana kidogo tu, na mimi nilikuwa nimeifunga kwa parafujo isiweze kusogea hata unywele, kwa hiyo hata mninga, pamoja na sifa zake zote za kutulia, ulichagua kupasuka. Milango ile ilipokuwa bado kwenye kabati haikuwahi kupasuka, na ningeitazama vizuri ningeona kwa nini: kibao cha katikati cha kila mlango kilikuwa kimekaa ndani ya mfuo wa fremu bila gundi, kikiwa huru kupumua. Fundi wa zamani alilijua tatizo na jibu lake likawa mbele ya macho yangu, nami nikalipaka gundi.

Niliifuata meza ile Dodoma kwa basi nikiwa na tupa na keekee kwenye mkoba. Tulizitoa parafujo zote, nikayapanua matundu ya fremu yawe marefu kwa upande wa upana wa meza, ili parafujo ziweze kuteleza kidogo mbao inapopanuka na kunywea, kisha nikauziba ufa kwa ukanda mwembamba wa mninga. Ukanda huo unaonekana hadi leo. Wifi yangu huufunika kwa kitambaa wageni wakija, na sina la kusema.

Kazi ndogo ndogo hazina hadithi ndefu hivyo. Watoto wa meza, yaani droo, watatu wa dresingi iliyovunjika kioo nimewatundika ukutani jikoni, midomo ikitazama mbele, na ndani yake kunakaa viungo vya pilau na chupa za mafuta. Ilichukua asubuhi moja na haijawahi kunisumbua. Miguu ya chuma ya cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga, imebeba ubao wa mtiki na kuwa meza yangu ya kuandikia, na ndipo ninapoandika haya. Shauri langu kwa mwenye cherehani kama hiyo ni kwamba asiing'oe mashine yenyewe ikiwa bado inashona. Ya kwangu ilikuwa imekwisha kuondolewa na mtu mwingine na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na ninapoweka mguu wangu juu ya kile kikanyagio kisichozungusha kitu chochote, huwa najihisi mjinga kidogo.

Zipo samani ambazo sizigusi. Kasha la zamani lenye misumari ya shaba lililo zima si malighafi. Mlango wa nakshi wa Unguja au Lamu, miji ambayo kwa ajili ya majengo yake iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, nimewahi kuuona umelazwa chali, umewekewa kioo juu na kugeuzwa meza ya kahawa, glasi za juisi zikiacha duara za maji juu ya kazi ya mikono ya mtu aliyechonga kwa miezi. Mbao za jahazi lililokufa ni jambo jingine, kwa kuwa chombo kilichooza hakirudi baharini, na viti vinavyotengenezwa kutokana na mbavu zake, vikiwa na matundu ya misumari na rangi zilizochujuka kwa chumvi, navipenda ingawa bei yake imewekwa kwa ajili ya watalii. Ninachojiuliza kabla ya kukata ni kama kitu hicho bado kinaweza kufanya kazi yake ya kwanza mahali popote, kwa mtu yeyote. Kikiweza, nakitafutia mtu huyo.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa shangazi na kitanda. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukubali kukisoma kabla ya kukikata, mimi na fundi tulivipanga vipande vyote sakafuni tukavitazama. Mifumbati ilikuwa na urefu wa futi 6 na ushee, na ilikuwa mizima. Tuliona kwamba hatukuhitaji kuigusa hata kidogo. Tukifupisha vitakizo viwili tu, kutoka futi 3 na nusu hadi inchi 20, na kuzichonga upya ndimi zao upande mmoja, kitanda kingekuwa benchi jembamba la barazani, lenye matendegu yale yale, alama za patasi zile zile, na vitundu vya kamba mahali pake. Halingekuwa na mgongo, ukuta ungefanya kazi hiyo. Matendegu mawili ya upande wa mchago, ambayo ni marefu zaidi, yangebaki yamesimama kwa upande mmoja, na mtu angeweza kuyawekea kiwiko. Benchi la kwenye picha ya simu lilikuwa na mgongo na mito. Hilo lilisahauliwa siku ile.

Miguuni kulikuwa na rangi ya kijani ya mafuta ambayo mtu fulani aliipaka zamani. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo, kwa hiyo hatukuipiga msasa mkavu. Tuliilainisha na kuikwangua, tukamalizia kwa msasa uliolowanishwa, na mabaki yote yakakusanywa kwenye gazeti badala ya kufagiliwa uani wanakochezea kuku na watoto. Baada ya hapo msasa namba 120, kisha 220, na mwisho mafuta ya kitani badala ya vanishi, kwa sababu vanishi kwenye baraza linalopigwa na jua hubanduka kama ngozi ya nyoka na huwezi kuirekebisha kipande kimoja bila kuikwangua yote. Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: kitambaa kilicholoa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kujipasha joto chenyewe mpaka kikashika moto. Kitandaze nje penye hewa kikauke kabla ya kukitupa.

Gharama niliziandika, kwa kuwa kuna uongo mwingi kwamba kazi hii ni ya kubana matumizi. Usafiri ulikuwa shilingi 40,000, ufundi 120,000, kamba za usumba kutoka Unguja 45,000, na msasa, mafuta na vikorokoro 30,000. Jumla ni shilingi 235,000, na kwa fedha hiyo ningenunua benchi jipya la paina kando ya barabara na chenji ikabaki. Lisingekuwa la mvule. Mvule mkubwa wa kutoa mfumbati wa futi 6 usio na kifundo, fundi aliniambia, si kitu anachoweza kukipata kwa kuingia tu kwenye duka la mbao.

Vipande vilivyobaki vya vitakizo, viwili, kila kimoja kiasi cha inchi 20 na vitundu vyake vya kamba, vilikuwa vinatazamwa kama uchafu mpaka fundi alipochonga vijiti vya mvule na kuvipigilia kwenye vitundu, kimoja baada ya kimoja. Kwa kuwa vitundu vilikuwa kwa nafasi sawa tangu mwanzo, tulipata vitundikio viwili bila kupima chochote. Kimoja nimekiweka mlangoni, kinabeba funguo, mwavuli na kanga ya kutokea. Kingine nilikihifadhi bila kujua ni kwa ajili ya nani.

Kuwamba nilifanya mwenyewe, nikifuata zile picha, kwa jioni nne. Vidole viliota malengelenge, na mfumo wa kamba ulitoka karibu sawa na wa zamani ukiutazama kwa mbali.

Shangazi alikuja mwezi wa Juni kwa ajili ya harusi ya mtoto wa jirani yake wa zamani. Alipofika barazani hakuketi. Aliweka mkoba chini, akalishika tendegu la upande wa mchago, akaupitisha mkono juu ya mfumbati mpaka ncha ya pili, polepole, kisha akaukandamiza wambo kwa ngumi katikati. Kamba zilibonyea.

"Nani amewamba hivi?"

"Mimi, shangazi."

"Ndiyo maana."

Alikunywa chai kwanza, akaswali, akaniuliza habari za watoto. Akakiona kitundikio cha mlangoni, akavihesabu vitundu kwa kidole, akaniuliza kingine kiko wapi. Nilipomletea alikifunga ndani ya kanga yake bila kuomba wala kushukuru. Baada ya alasiri alijifunga ushungi wake kiunoni, akaketi sakafuni kando ya benchi, akaanza kuifungua kazi yangu ya jioni nne kutoka upande wa miguuni. Aliniagiza mchi mdogo wa kukazia. Alipofika kwenye mfumbati alinipa ncha ya kamba, akaniambia nikanyage tendegu kwa mguu mmoja na nivute kwa mikono miwili, nami nikavuta kwa tahadhari nikihofia ndimi zile mpya za vitakizo.

"Vuta," alisema. "Huo ni mvule."

Kutoka ndani ya kiungo mbao ililia mara moja, kisha ikanyamaza.